Pakacha la Bi Zulekha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, Shehe uliyetuombea dua, Bwana Tayabali uliyetuletea viti vya njiani kutoka Wete, mama zangu, baba zangu, nanyi vijana mliowahi kivuli: assalaam alaykum.

Mimi ni Suhaila, katibu wa kamati ya msitu. Nimepewa nafasi ya kusema machache kabla ya kufunguliwa njia hii ya matembezi, nami nitaitumia kumsema mtu.

Bi Zulekha mnamjua. Alipomaliza eda ya marehemu Mzee Nyange, nyumba ilimwelemea, akawa kila asubuhi anaingia msituni. Hukaa chini ya mivule, akawatazama popo walivyoning'inia, akasikiliza maji ya kijito, kisha akarudi zake. Lakini kwetu sisi, nani huingia msituni bila kazi? Mjane, mtu mzima, atoke humo hana ukuni wala jani, si yatasemwa? Na mnajua yangesemwa nini. Mbele ya Shehe siyataji. Basi akawa anabeba pakacha, na njiani anaokota vijiti viwili vitatu vya kuwaonyesha watu.

Bwana Msellem, mlinzi wetu, usiiname, hatukusuti. Ulimsimamisha kwa haki, maana kuni zimekatazwa. Ila jibu alilokupa, ukatuletea kwenye kikao, ndilo lililotukusanya leo: "Mwanangu, kuni n'kisingizio tu. Mie naja kupumua. Nyumbani sipumui."

Tulikuwa tumepanga njia ya wageni, tiketi za wageni, hata kofia za kuwauzia wageni. Je, nani miongoni mwetu aliwaza kwamba mwenyeji naye huelemewa, naye hutaka kutembea tu, aone miti ya kwao? Ndiyo maana kuanzia leo mwenyeji atapita hapa bila tiketi, na hataulizwa anafuata nini. Moyo wangu umefurahi sana kuweza kulitamka hilo.

Nimemaliza, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kunitegea masikio.

Bi Zulekha, Mheshimiwa ameridhia utangulie wewe. Lakini nakuona, mama, lile pakacha umekuja nalo tena. Nipe nikushikie. Ingia mikono mitupu, utoke mikono mitupu, na sote tupo hapa tunakutazama.