Marehemu Pierre-Claver Niyongabo, Bwana Kifungu wa Overport

Ndugu mliotoka karibu na mliotoka mbali, familia inawashukuru kwa kufika, sasa tuwasimulie mzee wetu alikotoka.

Pierre-Claver Niyongabo alizaliwa Rumonge, Burundi, tarehe 12 Machi 1958, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1965, na mwaka 1972, wakati wa mauaji, akavuka kwenda Uvira, Kongo, akiwa na miaka kumi na nne, darasani hakurudi tena, ila kusoma hakuacha, hata gazeti lililofungiwa sukari alilimaliza kwanza ndipo litupwe.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na Coletha Nimbona huko Uvira, wakamzaa Léonce, wakamzaa Epiphanie, na mwaka 2001 wakafika Durban, Afrika Kusini, ambako alilinda ghala la malori Clairwood miaka kumi na tisa.

Mjukuu wake Estella, mtoto wa Epiphanie, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, shule zikamkataa miaka miwili, mtoto wa miaka minane anashinda saluni na mama yake. Sheria za elimu ziliporekebishwa mwishoni mwa 2024, watu walisema eish, ni namba na maneno tu wanahamisha, lakini mzee aliyasoma yote, akawasomea kina mama baada ya misa mpaka wakamwita Bwana Kifungu, wakimwona anavaa miwani wanasema leo hatuli mapema, na humo akakuta imeandikwa mtoto asiye na karatasi aruhusiwe kusoma.

Januari 2025 alipanda taxi na Estella mpaka shule moja ya Pinetown, sekretari wa shule akacheka, kumbe mzee amebeba rasimu ya zamani, vifungu vimeshabadilika namba. Kesho yake akarudi na sheria yenyewe, akamwambia mwalimu mkuu taratibu: "Mimi shule ilikatika kwa sababu ya mauaji. Huyu ikatike kwa sababu ya karatasi, na sheria inamruhusu?" Estella aliingia darasani Jumatatu, tarehe 20 Januari.

Figo zilimshika mwezi wa Aprili, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Estella akiwa shuleni.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani wa Overport mliopika tangu Jumanne, na wenzake wa Clairwood mliobeba jeneza. Jumatatu hii inayokuja saa mbili asubuhi alikuwa amsindikize Mama Carmel, mmoja wa wale kina mama wa misa, kumwandikisha mwanawe shule, basi Mama Carmel, usibaki nyumbani, Léonce atakupitia.

Baba Léonce, sisi tunaendelea, wewe pumzika kwa amani.