Kaka Yetu Mpishi, na Radhi Tuliyomlazimisha Aombe

Marehemu kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Onja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto wanne. Mimi ndiye kitindamimba, na ndiye niliyepewa karatasi hii niisome.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1975. Baba alipougua, aliacha masomo akafanye vibarua, ili sisi wadogo zake tusome.

Mwaka 1982 aliajiriwa jikoni katika chuo cha ualimu, akasugua masufuria miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa mwiko. Hakuamini vipimo. Alidondosha mchuzi kiganjani, akaonja, akafumba macho, huku wanafunzi mia tatu wakisubiri na sahani zao. Mkuu wa chuo akimharakisha, alijibiwa, "Bosi, hata njaa haina haraka kama wewe." Alistaafu mwaka 2016.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimuoa fundi cherehani aliyekuja kushona aproni za jikoni.

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa sugu wa ini. Miaka minne baadaye alianza kusukuma sahani pembeni. "Mama watoto, siku hizi unanipikia kwa kinyongo? Chakula hakina ladha." Shemeji alilia. Tukaitisha kikao cha familia, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Nilimwambia, "Kaka, acha maringo ya kipishi. Mwombe shemeji radhi." Akaomba. Tangu siku hiyo alikula kidogo, akasifia kila kitu, huku suruali zikimpwaya.

Februari 2023 muuguzi wa kliniki alimuuliza kama chakula kina ladha. Alimtazama mkewe kwanza, ndipo akasema, "Kitamu sana." Muuguzi hakudanganyika. Vipimo vya damu vilionyesha upungufu wa madini ya zinki, ambao huwapata wengi wenye ini bovu na huweza kuufanya ulimi usihisi ladha. Akapewa vidonge. Mwezi Aprili, akiwa mezani, alisema, "Mama watoto, leo umezidisha chumvi." Shemeji alicheka hadi machozi.

Vidonge vilimrudishia ulimi, si ini. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Julai 2023. Tungemsikiliza, huenda angekula kwa raha miaka miwili zaidi. Majuto ni mjukuu, na leo mimi nimempakata.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na sisi wadogo zake.

Kaka, hukuwa na kosa. Radhi ile ilikuwa yetu kuomba, nami nakuomba mbele ya hawa wote. Pumzika kwa amani.