Mashine Inayosimama Ukiita Mama

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Usalama Kazini, pamoja na maofisa uliofuatana nao,

MAKARIBISHO

Karibuni sana. Sisi mafundi kumi na tisa tumefurahi kukuona umevuka kizingiti chetu, maana hadi leo tulikuwa tukijuana kwa barua tu. Viti mlivyokalia tumevimaliza jana. Vanishi imekauka, tumehakikisha kwa kuvikalia sisi kwanza.

TULIKOTOKA

Karakana hii ni ya maseremala, isipokuwa meza moja nyembamba pale dirishani. Hapo hukaa dada anayetengeneza redio, tunayemwita Fundi Solda. Nafasi hiyo aliombewa na mdogo wake, mpiga randa tunayemwita Mpole.

Mwaka juzi mashine ya randa ilinasa mkono wa shati la Mpole. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa upande wa pili, hakukifikia. Alipiga kelele. Dada yake alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, amempa mgongo, na hakusikia kitu, kwa sababu randa ile ikinguruma hata mwenyewe hujisikii ukiongea. Aliyeizima ni fundi wa rangi aliyekuwa akiingia mlangoni. Vidole viwili havikuokolewa.

Mpole alirudi baada ya miezi mitatu, akawa anapiga msasa kwa mkono, randa haikaribii. Hakumlaumu mtu. Dada yake ndiye aliyejilaumu kwa niaba ya wote. Alituambia kwamba kila akiwasha redio ya mteja na kuisikia inaongea vizuri, roho humuuma: sauti za watu anazisikia, ya ndugu yake ilimpita.

TULIYOYAFANYA

Basi akaamua kuipa mashine sikio. Kwanza alifunga maikrofoni moja. Likawa sikio la ajabu: randa ikinguruma halisikii kitu, randa ikitulia mtu akipiga chafya linakata umeme wa karakana nzima. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Naye alicheka, kisha akalifungua upya.

Ndipo akaagiza ubao mdogo wa duara, mpana kama kisosi, wenye maikrofoni nne ukingoni. Siri yake ni hii: sauti ya mtu huifikia maikrofoni iliyo karibu naye kabla ya nyingine. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kupepesa jicho, lakini kompyuta ndogo iliyounganishwa huipima, ikajua sauti imetoka upande gani, ikatega sikio huko na kuipuuza kelele ya mashine. Ikisikia neno "simama", inakata umeme na breki inashika kisu.

Tulijaribu mara mia moja, randa ikiwa kazini. Ilisimama mara tisini na nne. Sisi tulishangilia. Fundi Solda aliandika zile sita ukutani kwa chaki, akaketi kuzitazama. Mpole, ambaye kwa siku huongea maneno ya kuhesabika, akamsogelea.

"Dada, siku ile mimi sikusema simama."

"Ulisema nini?"

"Nilimwita mama."

Mama yao walimzika wakiwa bado wadogo, na ni Fundi Solda aliyemlea Mpole. Aliinuka akatufuata mmoja mmoja, akatuuliza tukipatwa na jambo huwa tunaita nini. Karibu wote tulijibu vilevile. Akaifundisha mashine neno hilo, na kazi ikawa nyepesi kidogo, kwa kuwa "simama" lenyewe linaishia na mama. Sasa ni sheria hapa: ukitaka kusimulia habari za mama yako, toka nje kwanza.

Mwezi wa nne randa ilivuta aproni ya seremala wetu mkongwe. Alimwita mama yake, na mashine ikasimama. Aproni ilichanika. Yeye ndiye yule aliyeketi safu ya pili, mikono yote miwili magotini.

KINACHOTUKWAMISHA

Mheshimiwa, barua ya ofisi yako inatutaka tuking'oe chombo hiki ndani ya siku thelathini, kwa kuwa hakimo katika orodha ya vifaa vinavyotambuliwa. Hatuna ugomvi nayo. Chombo kisichopimwa hakiaminiwi, na tungekuwa sisi tungeandika vivyo hivyo. Wala hakijachukua nafasi ya kitufe chekundu. Tumeongeza kitufe cha pili kwa kila mashine. Kasoro kinayo: mwenye sauti ya chini sana bado hukiponyoka. Ila barua iliandikwa kabla mtu yeyote hajaja kukisikiliza.

OMBI LETU

Kipimeni. Leteni vyombo vyenu na wataalamu wenu. Kikishindwa, tuandikieni kimeshindwa wapi, tukirekebishe. Wakati huo tunaomba kibaki pale kilipo.

Tukimaliza kusoma, randa itawashwa. Tulipanga Fundi Solda ndiye apitishe mbao kwenye randa, lakini asubuhi ya leo Mpole alimwambia, "Nitapitisha mimi." Hajaigusa mashine hiyo tangu siku ile. Dada yake hakubishana naye. Alimuuliza tu nani aiamuru isimame.

Mheshimiwa, amekuchagua wewe.

Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi yako, na kila anayesimama mbele ya mashine leo, popote alipo, arudi kwa watu wake akiwa mzima.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Karakana ya Pamoja