Marehemu Lueth Atem Bior na Mguu Wake wa Kulia, 1973–1998

Marehemu Lueth Atem Bior alizaliwa tarehe 1 Januari 1973, upande wa Bor, kusini mwa Sudan. Hiyo tarehe ni ya karatasi. Wengi wetu hapa Kakuma tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyetuandika alikuwa na haraka na jua lilikuwa kali. Nyanya yake, Agot, ambaye ndiye mimi ninayesema maneno haya na Mwalimu Elijah akiyaandika, alikuwepo siku hiyo, na anajua ulikuwa msimu wa mafuriko. Mtoto alitanguliza miguu. Mguu wa kulia ulitoka kwanza, ukampiga mkunga teke la kidevu, halafu huo mwingine ukafuata. Mkunga alipoteza meno mawili. Mwalimu Elijah ameniuliza kama ni kweli. Nimemwambia mkunga alishafariki, aende akamwulize.

Baba yake, Atem, na mama yake, Yar, walikufa vitani mwaka 1991. Marehemu alibaki na nyanya yake. Walitembea pamoja mpaka Lokichoggio, na kwa siku tatu za mwisho alimbeba nyanya yake mgongoni, na nyanya huyo wakati ule alikuwa mnene, hakuwa huu ufito mnaouona leo. Walifika Kakuma tarehe 9 Julai 1992. Walikaa miezi minne bila kadi ya chakula. Kila asubuhi walipanga foleni, na kila asubuhi waliambiwa majina yao bado. Walikula kwa majirani. Mlikuwa mnatuona. Naomba mlishike hilo la kadi, kwa maana litarudi.

Januari 1993 marehemu aliingia darasa la nne hapa kambini, mtu mzima wa miaka ishirini, magoti yakiwa juu ya dawati na watoto wa miaka kumi wakimnong'onezea majibu. Mwalimu wake alikuwa huyu huyu Elijah, aliyetoka Kitale kuja kutufundisha. Anasema marehemu alikuwa na mwandiko mzuri na hesabu mbaya. Kiswahili chenyewe hakukipata darasani, alikiokota uwanjani, kwa hiyo kwa muda mrefu hakujua kuomba chumvi lakini alijua kumwambia mtu amezidi, yaani ameotea.

Tarehe 5 Desemba 1993 timu ya kambi ilikwenda kucheza Lodwar. Marehemu alipiga mpira mmoja kutoka katikati ya uwanja, ukapita juu ya goli, ukavuka mto Turkwel, na wavuvi wa Kalokol, kule ziwani, wakauleta wiki iliyofuata wakiuliza ni wa nani. Golikipa wa Lodwar siku hiyo alikuwa Ereng, ambaye yuko hapa mbele yenu amevaa shati la buluu. Ereng alimfuata mchezo ulipoisha, akamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, ndugu. Wewe hupigi mpira, unautuma kama barua." Tangu hapo hawakuachana. Machi 1994 wote wawili walichukuliwa na timu ya kulipwa huko Eldoret. Jina la timu silitaji, kwa sababu waliombwa salamu za kuweka katika karatasi hii na hawakuleta.

Tarehe 26 Novemba 1994 marehemu alifunga ndoa na Amou katika kanisa letu hapa kambini. Amou alipoulizwa kama anamkubali, alisema anamkubali kama atavua viatu vya mpira, kwa maana bwana harusi alikuwa amevaa viatu vya njumu kanisani, hakuwa na vingine. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Yar, aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1995. Baba yake alimshika mara moja, akarudi Eldoret kwenye ligi.

Sasa nafika Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1995. Mimi nilikuwa mjini Kakuma, kwenye kibanda cha chai cha Jebet, kwa sababu Jebet ana redio. Mtangazaji alisema Lueth anakwenda na mpira, anawapita wawili, halafu akapaza sauti. Akasema beki namba tano ameruka na miguu yote miwili, ameuacha mpira, amemkanyaga Lueth mguu wa kulia chini ya goti. Akanyamaza. Mtangazaji akinyamaza unajua kuna jambo. Halafu akasema, namba tano amepewa kadi.

Nikamuuliza Jebet, "Amepewa nini?"

"Kadi, nyanya."

"Kadi gani?"

"Ya njano."

"Ya watu wangapi?"

Jebet alikuwa ameshika mdomo, nikadhani analia, kumbe anacheka na kulia pamoja. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Niliwaambia watu wa pale kibandani, mtu huyu amemvunja mjukuu wangu mbele ya serikali na wamempa kadi siku hiyo hiyo, na sisi tulipanga foleni miezi minne na hatukumvunja mtu. Basi kama ndivyo inavyopatikana, si mngetuambia tukiwa Lokichoggio.

Ndipo Jebet akanieleza. Akasema, "Nyanya, hiyo kadi si ya chakula. Ni adhabu."

Nikamuuliza, "Wanamfanya nini nayo?"

"Wanamwonyesha."

"Halafu?"

"Halafu anaendelea kucheza."

Nilikaa chini. Nimeyacheka mambo mengi katika maisha yangu, na najua mnasimuliana hili la kadi mkinywa chai, nami nimewaruhusu. Lakini tangu siku ile sijapata mtu wa kunieleza kwa namna ya kuniridhisha. Nilivyofahamu mara ya kwanza na nilivyofahamu mara ya pili, sioni ipi ilikuwa na akili zaidi. Namba Tano aliendelea kucheza, na dakika ya themanini alifunga goli kwa kichwa. Miguu yake ilikuwa mizima.

Ereng alikimbia kutoka golini. Alimshika refa shati, akamwambia njoo uuone mfupa. Kwa shati hilo Ereng alifungiwa mwaka mmoja asicheze popote. Baadaye, wakiwa Lodwar kwenye chumba alichokipanga Amou kule Nawoitorong, mguu wa marehemu ukiwa kwenye plasta mpaka kwenye paja, niliwasikia kwa masikio yangu.

Marehemu alisema, "Mwaka mzima kwa shati. Lilikuwa shati zuri sana?"

Ereng akasema, "La kawaida tu. Lilikuwa na jasho."

"Ningejua, ningevaa shati la refa mguuni."

Walicheka mpaka Amou akawaambia watamwamsha mtoto. Lakini marehemu alipomaliza kucheka aliomba kalamu.

Aliiandikia kamati ya nidhamu ya ligi. Hakuomba pesa, na hakuomba Namba Tano afukuzwe. Alisema hivi, na Mwalimu Elijah bado anayo nakala: mtu akimvunja mwenzake kwa mchezo wa hatari, akae nje mpaka yule aliyevunjwa arudi uwanjani. Adhabu isipimwe kwa kadi, ipimwe kwa mguu. Jibu lilifika tarehe 11 Machi 1996. Lilisema mwamuzi aliliona tukio na alilitolea uamuzi papo hapo, kadi ilionyeshwa, na kosa lililokwisha kuadhibiwa haliwezi kuadhibiwa mara ya pili. Kwa hiyo jambo limefungwa. Kama refa hangeona kitu, wangeweza kulitazama upya. Kwa sababu aliona, haikuwezekana. Mwalimu Elijah alinisomea mara tatu na mara zote tatu lilisema hivyo hivyo.

Marehemu aliandika tena mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Oktoba. Barua hizo mbili hazikujibiwa. Timu yake ilikuwa imeshamchukua mtu mwingine.

Alirudi Kakuma na fimbo, akawa refa wa mechi zetu za pale kando ya lagga ya Tarach, ule mto mkavu. Hapo aliweka sheria yake. Ukimuumiza mtu kwa rafu ya hatari, unakaa chini kando ya mstari, na unakaa hivyo kila mechi mpaka uliyemuumiza asimame acheze. Wa kwanza kukaa alikuwa Chuol, aliyemchana Yien kifundo cha mguu. Chuol alikaa mechi mbili, ya tatu akaona huu si mzaha. Akaanza kwenda kwa Yien kila siku kumchotea maji, akamkanda mguu, akampikia uji wa mtama. Uji ulikuwa mtamu kiasi kwamba Yien aliendelea kuchechemea wiki tatu baada ya kupona. Nilimwona akikimbiza mbuzi, na alipofika karibu na nyumba ya Chuol akaanza tena kuchechemea. Sikumsema, alikuwa ananigawia. Tangu hapo, mwaka mzima, hakuna mtu aliyevunjwa uwanja ule. Ni kitu pekee nilichokiona duniani kikifanya kazi.

Agosti 1997 wakaja watu wa mashindano, na jezi na nyavu na kikombe. Walimwambia marehemu sheria yake haimo kwenye kitabu. Aliwaambia anajua haimo, ndiyo maana aliiweka. Wakamshukuru kwa huduma yake, wakampa filimbi mtu mwingine mwenye kadi mbili mfukoni. Siku ya kwanza vijana wawili walitolewa uwanjani kwa machela.

Ugonjwa wake ulikuwa ule ule mguu. Mfupa haukuwahi kuunga sawasawa, na kuanzia Septemba 1997 ulianza kutoa usaha. Alilazwa Lodwar mara tatu. Daktari alimwambia waukate apone. Mimi nilimpigia magoti, Amou alimpigia magoti akiwa na mtoto mgongoni. Marehemu alituambia, "Mkiukata, ushahidi utakwenda wapi? Siku kamati ikiuliza, niwaonyeshe nini?"

Nikamwambia, "Lueth, hakuna mtu anayekuja."

Akasema, "Najua, nyanya. Lakini wakija."

Huo ndio ukweli wa ugonjwa wake, na nimekataa uandikwe kwa jina la hospitali. Alingojea watu wa kuja kuutazama mguu. Alikubali ukatwe mwezi wa Machi mwaka huu, wakati sumu ilikuwa imeshaingia katika damu, na daktari akasema sasa haisaidii kitu. Alifariki Lodwar, Alhamisi tarehe 2 Aprili 1998, saa nne asubuhi, Ereng akiwa amemshika kichwa. Tunamzika na miguu yake miwili.

Marehemu amemwacha mjane wake, Amou. Amemwacha binti yake, Yar, mwenye miaka miwili na miezi saba, ambaye leo asubuhi ameupiga teke mfuko wa unga mpaka ukapasuka. Amemwacha rafiki yake Ereng, ambaye alipomaliza mwaka wake wa kufungiwa hakuitwa tena, na siku hizi anauza samaki wakavu Lodwar. Amewaacha Chuol na Yien, ambao wamechimba kaburi hili wenyewe. Amemwacha nyanya yake, Agot, ambaye alipanga kutangulia. Jumatatu nyanya huyo ataipeleka kadi yetu ofisini, nao wataandika watu watatu mahali palipokuwa na wanne. Kadi hiyo wanajua kuisahihisha.

Limebaki neno moja, na Mwalimu Elijah amesita kuliandika, lakini mimi ndiye ninayezika. Kwa sheria ya marehemu, aliyeumiza anakaa chini mpaka aliyeumizwa asimame. Lueth analala leo. Mchungaji ametuambia atasimama, na siku anaijua Mungu peke yake. Basi Namba Tano anatakiwa kukaa chini kando ya mstari tangu leo mpaka ufufuo.

Ereng amesikia redioni kwamba Namba Tano anacheza kesho Jumapili, saa tisa.

Lueth, mwana wa Atem, pumzika wewe. Sisi wengine tutakaa chini, mpaka usimame.