Christiane Kalombo, Aliyechunga Vitabu vya Vijana wa Panda (1949–1998)

Christiane Kalombo alizaliwa Jumapili tarehe 14 Agosti 1949, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, wakati mji huu ulikuwa ungali unaitwa Jadotville. Baba yake, Athanase Kalombo, alitoka upande wa Bukama na alifanya kazi kwenye tanuri za shaba. Mama yake, Suzanne, alikuwa mtu wa Kakanda. Christiane alikuwa kitinda mimba. Kati yake na yaya yake, yaani dada yake mkubwa, Élise, kulikuwa na miaka kumi na mitatu na makaburi matatu ya watoto, kwa hiyo alipozaliwa ilikatazwa kumsifu. Mgeni akija kumwona, aliambiwa amelala. Élise ndiye aliyembeba mgongoni, na mtu akinyoosha mkono kumgusa mtoto, Élise aliuangalia kwanza huo mkono.

Alianza masomo kwa masista mwaka 1955. Élise yeye aliishia mwaka wa pili, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na kazi. Siku moja ya mwaka 1958 Christiane alirudi nyumbani analia mpaka kamasi. Mama akashika mlango, akidhani mtoto amepigwa.

"Nani amekufa?"

"Mutoto moja, mama."

"Mutoto ya nani?"

"Ya mu kitabu."

Mama alimwosha uso kwa maji baridi, akamwambia: "Kulilia muntu ya bule, njo kuita kilio mu nyumba." Tangu siku ile Élise hakuamini kitabu hata kimoja, isipokuwa kile cha kanisani, na hicho pia alikisoma pole pole, kidole juu ya neno, ili neno lisimpite.

Christiane alimaliza masomo mwaka 1967 na cheti cha kuandika kwa mashine. Alifanya kazi ofisini kwa miaka saba. Mwaka 1975 alipewa ufunguo wa chumba cha kusomea cha vijana hapa Panda. Kilikuwa na vitabu mia nne na kidogo, karibu vyote hadithi za Kifaransa, zilizoandikwa kwa watoto wenye kuanza kuota chunusi. Wengine wangekaa tu kwenye kiti na kupiga mhuri. Yeye alivisoma vyote. Alisema hawezi kumpa mtoto wa mtu chakula ambacho hajakionja.

Alikuwa na namna yake ya kufanya. Akimaliza kitabu, alikata kikaratasi, akaandika kwa Kiswahili maneno matatu manne: ni nani aliye ndani, ana miaka mingapi, amempenda au hakumpenda, na kwa nini. Kikaratasi kililala ndani ya kitabu hicho, hakikutoka. Kwa sababu hiyo hakuandika juu yake jina la kitabu. Aliona ni kazi ya bure, kama kuandika "sufuria" juu ya sufuria. Hakuwa na huruma. Juu ya kitabu kimoja aliandika: "Kijana huyu anaomba msamaha kila siku na habadiliki. Nimemchoka." Vijana walikimbilia vikaratasi kuliko vitabu. Wengine walisoma kitabu kizima ili waje kubishana naye, na hapo ndipo alipofurahi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Julai 1971 na Constantin Tshimanga, karani, mtu wa Kasai. Élise alimwonea mashaka Constantin tangu siku ya kwanza: alikula polepole mno na alicheka kabla ya kuambiwa kichekesho. Ukweli usemwe, alikuwa mume mwema. Mungu hakuwapa mtoto, na maneno ya watu kuhusu jambo hilo familia inayajua, na waliosema wanajijua. Mwaka 1993 watu wa Kasai walipotolewa majumbani mwao na kulala miezi pale kituo cha treni, Constantin alipanda treni pamoja na mama yake mzee. Christiane alikuwa amfuate. Barua ilisema Constantin alifariki Mwene-Ditu tarehe 2 Februari 1994. Élise hakuiamini barua hiyo, wala ya pili. Ya tatu ilipofika, alimnyoa mdogo wake nywele kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa lazima isemwe habari ya vitabu, kwa sababu ndiyo iliyowaweka wengine wenu mbali na kaburi hili, kule kwenye ukuta.

Mwisho wa Oktoba 1991, siku za uporaji, Panda yote ilibeba. Watu walibeba frigo za barafu, viti, mabati, hata milango na fremu zake. Christiane alifungua chumba chake kwa ufunguo, akapanga vitabu katika maboksi, akavisukuma kwa mkokoteni wa pusipusi mara tano mpaka nyumbani. Hakuna aliyemgombania. Watu waliona frigo inapita huku na vitabu vinapita kule, na mama mmoja akasema kwa sauti: "Muntu anaacha frigo anabeba makaratasi? Mule mu makaratasi muko kitu." Wengi walicheka. Élise hakucheka, kwa sababu hata yeye aliwaza hivyo hivyo.

Baada ya pale barza ya nyumba yake ikawa chumba cha kusomea. Masomo yalifungwa, walimu wakaenda kuchimba au kuuza mihogo, na watoto wa avenyu yake wakawa wanakuja kwake saa tisa, kila mmoja na kitabu kwapani. Baadaye akawa mjane, hana mtoto, nywele zimeanza mvi, anasoma hadithi za vijana na kuzizungumza na vijana kwa saa nzima. Élise alimwuliza mara nyingi:

"Weye mama muzima, unatafuta nini mu bitabu ya batoto?"

"Batoto wanapenda bila kujificha na wanachukia bila kujificha, yaya. Bakubwa wa mu bitabu banasema uongo kama bakubwa wa hapa."

Jibu hilo halikumtuliza.

Mwezi wa Juni 1997, Princesse, binti wa mama Fortunée, miaka kumi na minne, alishikwa na homa ya matumbo. Alipokuwa kitandani, kikaratasi kilianguka kutoka katika kitabu alichokuwa anasoma. Mama Fortunée alikiokota. Kiliandikwa hivi: "Msichana wa miaka kumi na minne. Kiburi kingi, lakini nampenda. Kufa kwake ni lazima. Pasipo kufa huku hakuna kitu."

Mama Fortunée asilaumiwe. Ni mama gani, mtoto wake anachemka kama sufuria, angesoma maneno hayo akawaza hadithi? Alikiacha kitabu sakafuni, akakimbia na kikaratasi mpaka chumba cha maombi cha avenyu, kwa baba Symphorien, ambaye zamani alipasua mawe Kakontwe na sasa anaombea watu. Baba Symphorien alikisoma mbele ya wote. Kikazunguka mkono kwa mkono. Kisha akamgeukia Élise, aliyekaa benchi la mbele kama kawaida yake.

"Mama Élise, huyu iko mudogo yako. Weye njo ulimubeba. Anafanya nini na batoto ya bantu?"

Élise alijua mambo mengi juu ya mdogo wake. Alijua hakuwahi kuua hata kuku, alimwachia Constantin kazi hiyo. Lakini aliwaza maboksi, na frigo iliyoachwa, na mtoto aliyelilia mtu wa kitabuni.

"Siyue," akasema.

Yaani hajui. Neno moja hilo. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyefika kwenye barza. Mtu akikutana na Christiane bombani, alimwaga maji yake na kuteka upya. Kwenye ukuta wake mkaa uliandika neno ambalo halitaandikwa hapa. Princesse alipona kwa dawa za lopitali, lakini hilo halikusaidia kitu. Walisema maombi yamemtoa kinywani mwa mchawi.

Christiane alikwenda kwa yaya yake mara moja tu. Hakuketi.

"Yaya, ulisema siyue."

"Nilisema kweli. Bitabu yako minye naiyua nini?"

"Hawakukuuliza bitabu. Walikuuliza juu yangu, minye."

Akaweka kitabu mezani, kile kile, ambacho mama Fortunée baadaye alikitupa nje ya lango. "Soma. Kisha unihukumu."

Élise alijibu kwamba macho yanamuuma. Macho hayakumuuma. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na hakutaka mdogo wake amwone anavyosoma na kidole. Alikiweka kabatini chini ya sahani, na kikakaa humo miezi saba.

Mwezi wa Januari mwaka huu Princesse alibisha hodi kwa Élise, anaangalia nyuma.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama mukubwa. Nataka mwisho ya kitabu. Walininyanganya sijamaliza."

"Mama yako anayua uko hapa?"

"Anayua niko ku soko."

"Mwongo weye. Ikala ku kiti. Utasoma kwa sauti, na kwa Kiswahili, na ukiruka mustari nitayua."

Asingejua, lakini mtoto hakuthubutu kujaribu. Walisoma alasiri sita, moja kila juma. Kilikuwa kitabu cha msichana wa miaka kumi na minne, kiburi kingi, katika mji uliogawanyika pande mbili za mto. Pande zote mbili zilimdhania ni mpelelezi wa upande mwingine, kwa sababu alipeleka dawa huku na huku. Alasiri ya nne Élise alikuwa ameanza kumfokea: "Asivuke! Mwambie asivuke, maji imejaa!" Alasiri ya sita alivuka, na maji yakamchukua, na watu wa pande mbili wakakutana mtoni kumtafuta. Princesse alilia. Élise alimwambia akaoshe uso, kisha akafunga mlango na kujiosha wa kwake.

Hapo alielewa kikaratasi kilisema nini, na juu ya nani.

Wakati huo Christiane alikuwa lopitali. Figo zilikuwa zimechoka, daktari alisema. Familia iliuliza mara mbili kama ni figo kweli, na akasema ni figo. Élise alikwenda na uji na kitabu. Hakusema pole.

"Umekosa," alimwambia. "Hakupashwa kufa. Angengoja maji ipunguke."

Christiane aliweka uji pembeni.

"Kama angengoja, yaya, wale watu wangekutana wapi?"

"Sokoni. Bantu banakutanaka ku soko."

Christiane alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Wakabishana mpaka muuguzi akamfukuza Élise. Siku kumi na moja alirudi, na siku kumi na moja walibishana juu ya msichana yule. Élise hakukubali, na hata leo hakubali. Alikuwa amepanga kwamba Jumapili tarehe 8 Machi atasimama katika chumba cha maombi na kulirudisha lile neno lake, siyue. Hakumwambia mdogo wake. Alitaka kwanza lifanyike, ndipo lisemwe. Christiane Kalombo aliaga dunia Alhamisi tarehe 5 Machi 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane. Hakusikia.

Kwa hiyo neno hilo la Élise linarudishwa leo, Jumamosi, mbele ya kaburi, baba Symphorien akiwepo, mama Fortunée akiwepo. Kitabu kiko hapa juu ya sanduku. Anayejua kusoma asogee asome. Marehemu hakumwandikia mtoto wa mtu kifo. Alikihukumu kitabu, kama alivyovihukumu vitabu mia nne. Na swali lile, mdogo wako anafanya nini na watoto wa watu, lina jibu, na lilikuwa nalo tangu mwezi wa Juni: aliwafundisha kubishana na mkubwa bila kupigwa. Yaya yake alijua. Alisema hajui kwa sababu aliogopa kupoteza nafasi yake benchi la mbele.

Amemwacha yaya yake Élise, mtoto wa dada yake, Clovis, na mkewe na watoto wao wanne, mashemeji wa Mwene-Ditu ambao hawakupata njia ya kufika, na vijana wa Panda, ambao majina yao hayataandikwa hapa, kwa sababu maandishi kwenye karatasi yameshaumiza watu vya kutosha. Lakini wale walio kule kwenye ukuta wanaonekana. Wasogee. Udongo ni wa kutupwa na mikono mingi.

Alale Christiane mahali ambapo hakuna anayeulizwa juu yake.