Chini ya Uwanja wa Dagaa

Thobias, niwekee mto mgongoni, halafu ukae. Frida, achana na huo uji, nimeshasema tangu asubuhi sitaki uji. Kaa hapo niuone uso wako. Padri amekuja na ameondoka, mafuta nimepakwa, ya Mungu nimeyamaliza. Yaliyobaki ni yenu ninyi wawili, na mtayasikia kwa kinywa changu mimi Selestini kabla hakijafungwa, wala asinikatize mtu.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya Bangwe ni yenu nyote wawili, vyumba vya mbele vya Thobias, vya uani vya Frida, na asije mmoja wenu akamfungia mwenzake mlango. Michikichi gawaneni. Mtumbwi na taa zake mpeni Hamdani, maana tumevua naye miaka yote hiyo na hajawahi kunidanganya hata mara moja, jambo ambalo mimi siwezi kulisema juu yangu mwenyewe. Kinachonizuia kufa ni kile kiwanja cha mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, tunapoanika dagaa.

Mnajua kinachokuja pale. Njia ya waenda kwa miguu, ndivyo wanavyoiita, vitofali vyekundu, mabenchi ya saruji, taa za sola, miti ya kivuli, na pikipiki marufuku, hata bodaboda wa Gungu atamshushia abiria wake kule juu. Nilicheka sana mkutanoni walipotuonyesha picha zake, kwa sababu tangu nimepata akili sijawahi kuona mtu anatembea ufukweni mwa Bangwe bila kubeba kitu kichwani. Lakini moyoni niliipenda, nisiwafiche. Nilitamani kukaa kwenye benchi moja niwatazame watu wanaotembea kwa sababu tu wanapenda kutembea. Manispaa hawakunikosea lolote. Walitaka mzee wa mtaa awatembeze ufukwe wote awaonyeshe makaburi, ili kila kaburi wenyewe walihamishe kwa heshima kabla greda halijafika, na mzee huyo nilikuwa mimi. Nikawaonyesha la babu yake Hamdani. Nikawaonyesha yale mawili ya kwenye majani. Tulipofika kwenye kiwanja chetu, yule binti mpimaji akaniuliza, "Mzee, na hapa kuna mtu?" Nikamjibu, "Hapa kuna dagaa tu, mjukuu wangu." Akaandika, nami nikatia sahihi.

Kuna mtu pale. Thobias, usimtazame dada yako, nitazame mimi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, vita vilipolipuka kule Burundi, na wewe Thobias ulikuwa ndiyo kwanza unafunzwa kuvaa kaptula. Watu walikuwa wakishuka mwaloni kila kukicha, wengine na magodoro, wengine na nguo moja tu mwilini. Asubuhi moja akashuka mwanamke mwenye jeraha ubavuni na mtoto wa miezi sita mgongoni, mke wangu Rozalia akamleta hapa nyumbani. Wiki mbili kabla ya hapo Rozalia alikuwa amezika kichanga chake, maziwa yakimuuma kifuani, akamchukua yule mtoto akamnyonyesha. Siku ya tatu yule mwanamke akakata roho. Nikasema sasa mtoto apelekwe akaandikishwe pamoja na wakimbizi wenzake, na Rozalia, akiwa amembana hivi, akaniambia, "Selestini, ukimwandikisha huyu, niandikishe na mimi." Mtoto akabaki. Na kumzika yule mama makaburini kungeleta maswali, huyu ni nani, wa wapi, mtoto wake yuko wapi. Basi alfajiri nikamzika mwenyewe pale mwaloni, bila msalaba, bila tuta, nikasawazisha mchanga, na jua lilipotoka nikamwaga dagaa juu yake. Ndipo pakawa uwanja wa dagaa tangu siku hiyo. Nani angeuliza kilicho chini ya dagaa? Majirani walijua tuna mtoto asiye wetu, wakanyamaza kwa ajili ya Rozalia.

Ndiyo, Frida. Ni wewe. Lia, mama, lia, mimi sina haki ya kukunyamazisha. Umegeuza dagaa juu ya mama yako mzazi tangu ukiwa mdogo, nami nilisimama pale pale nikikuhimiza ugeuze haraka kabla mvua haijanyesha.

Nipeni maji kidogo. Sijamaliza, na hili linalokuja ndilo baya zaidi.

Mwaka wa tisini na saba alikuja kijana mmoja mrefu kutoka kambi ya Mtabila, anaitwa Bonfils. Akaniamkia vizuri, shikamoo Mzee, akasema, "Ndarondera mushiki wanje," kwamba anamtafuta dada yake, anaitwa Manariyo, alipanda mtumbwi na mtoto mchanga. Nikamwambia hakushukia hapa. Alikuwa amesimama juu ya dada yake huku akiniuliza. Akashukuru, Mungu wangu, alinishukuru! Akasema atarudi, kwa kuwa kuna mtu kambini anaapa alimwona akishuka Bangwe.

Siku zile hukuitwa Frida. Rozalia alikuwa amekuachia jina ulilokuja nalo, lile ambalo mama yako alikuita mpaka pumzi ya mwisho. Lyse. Jioni ile ile nikakubadilisha jina, na kwa kuwa mtoto wa miaka minne haambiwi akaelewa, nilikufundisha kwa fimbo. Nilikuwa nasimama nyuma yako naita, Lyse! Ukigeuka, nakuchapa miguuni. Usipogeuka, nakupa kipande cha muwa. Mwezi mzima, Rozalia akilia jikoni. Bonfils aliporudi hakuniuliza kitu tena, alisimama tu kule njiani akaita jina lako mara tatu, na wewe ulikuwa umeinama unageuza dagaa, hukuinua hata kichwa. Akaondoka. Nami nikakupa muwa.

Sasa shikeni haya. Greda linaanza Jumatatu. Thobias, nenda ofisini kesho, usingoje nife, ukawaambie baba yangu alidanganya, useme hivyo hivyo bila kunipamba. Najua ulishachora kibanda chako cha soda pale, na kazi itasimama, na watu watanuna, wanune. Ni hatua tisa kutoka jiwe la kufungia mtumbwi, kuelekea majini. Muwahini kabla watu hawajaanza kupita juu yake na viatu vya Jumapili. Ile nafasi yangu kando ya Rozalia makaburini mlazeni yeye, na jina liandikwe lote, Manariyo. Mimi nizikeni popote patakapopatikana.

Frida, hapa siwezi kukuamulia. Ukisimama ukasema ni mama yako, watakuuliza ulizaliwa wapi, na kitambulisho chako ulikipataje, na ualimu wako, na kambi za wakimbizi zimejaa tena mwaka huu. Sijui watakufanya nini. Ukinyamaza, Thobias atasimama peke yake, na asiwepo wa kukulaumu. Mjomba wako sijui kama yu hai. Mtabila ilishafungwa. Sikumtafuta, niliogopa nisije nikampata.

Thobias, lete mkono. Mungu akupe riziki, akupe na ulimi wa kweli kuliko wangu. Usimwache dada yako. Ni dada yako, maziwa... mmenyonya titi moja. Frida, Mungu akulinde huko... huko utakakoamua. Mimi usinisamehe haraka.

Mbona pamekuwa giza? Frida, uko wapi? Upo dirishani, nasikia unavyopumua... umenipa mgongo. Baki hapo hapo. Nataka nikuite mara moja, kama alivyokuita mama yako.

Lyse.

Lyse, mwanangu...

Geuka, mama. Sina fimbo.