Kilio Kisicho na Maiti

— Wewe, umeshika jembe tangu Jumatatu?

Ndivyo walivyosalimiana Busia wiki ile, na jibu lililokubalika lilikuwa moja tu: hapana. Lilisikika zaidi kwenye benchi la Zubaida, yaani ubao wa lori uliolazwa juu ya mapipa mawili, pale barabara ya Tororo inapoanza, karibu kabisa na kamba ya forodha, mpakani na Kenya. Zubaida alikuwa mjane wa mchukuzi, akiuza kahawa ya tangawizi. Chifu wa gombolola, yaani tarafa, alikuwa ameita watu wa vijijini kuchimba barabara bila malipo, kwa mara ya tatu msimu huo, kwa sababu mgeni mkubwa kutoka Entebbe angepita Ijumaa na hakutakiwa kurushwarushwa garini. Jumatatu alfajiri, kabla watu hawajafika, kilio cha msiba kikapaa. Kwa watu wa huku, kilio kikishapaa hakuna jembe linaloingia ardhini mpaka marehemu azikwe. Na anayekisikia hukipokea kwanza, kuuliza baadaye. Kikapita Buteba, kikaenda mbele. Hata watu wa Kisoko walidai wamekisikia, ingawa Kisoko ni mbali na watu wake hawapendi kuachwa nyuma. Majembe yakawekwa chini. Marehemu akatafutwa, hakuonekana. Na bila maiti hakuna maziko, na bila maziko hakuna jembe. Sasa ilikuwa Alhamisi, na barabara ilikuwa na mashimo yake yote.

— Ni watu wa chama, kutoka Kampala, alisema Ojangole. Benchini aliitwa Kifungu, kwa kuwa aliwahi kutafsiri katika korti ya Tororo kwa muda mfupi, akarudi na sheria zote mdomoni.

— Watu wa chama hawaamki alfajiri, Muzamiru akamjibu. Nimewabeba. Mpaka jua likae utosini ndiyo wanatafuta viatu.

Muzamiru ndiye Gia Tatu. Lori lake halijawahi kuijua ya nne. Lilikuwa limeegeshwa hapo hapo, na nyuma yake alikaa Oguttu, mpiga ngoma za msiba, mikono imefungwa kamba. Chifu alikuwa ameamua kwamba mwenye ngoma ndiye mwenye uongo. Askari Ilukor alikuwa ameagizwa kumfikisha Tororo kabla hakimu hajaenda kula mchana. Lakini dereva alikuwa anakunywa kahawa, na askari hawezi kuendesha lori.

— Mimi nasema ni gramafoni, alisema mzee Okochi, aliyeitwa Bama tangu arudi vitani Burma. Waingereza walikuwa nayo moja inalia kama tembo. Adui anakimbia, mnakula chakula chake. Mtu ameiba ile.

— Gramafoni inayolia Kisamia chetu? Gia Tatu akauliza.

— Wewe unajua nini kuhusu sahani za siku hizi?

— Basi nisikilizeni mimi, Kifungu akasogea. Ni chifu mwenyewe aliyelia. Mgeni akipita atauliza lile daraja ambalo chifu alipewa pesa alijenge liko wapi. Asipopita, nani atauliza?

— Afande, hiyo hujaisikia, alisema Gia Tatu.

— Masikio yangu yako likizo mpaka kikombe kiishe, alisema Ilukor. Lakini kiishe, bwana.

Gia Tatu akalamba kahawa kama paka.

— Upande wa Kenya nao wameweka majembe chini, akasema. Nimepita jana. Wala chifu wao hakuwaita popote. Nauliza, nyinyi mmefiwa na nani? Wananiambia, sisi tumesikia tu kwenu.

Benchi likacheka. Hata Oguttu alicheka kule juu, kisha akakumbuka alipo.

— Cheka tu, Bama akasema. Mimi India niliona mambo. Treni yetu ya jeshi imesimama. Watu wamelala kwenye reli, wanaume na wanawake. Sajini anafoka, wao wanamtazama tu. Sasa ndugu zangu, mkono unajua kumpiga mtu anayekimbia. Unajua kumpiga anayekurushia jiwe. Lakini huyu amelala, anakutazama usoni! Mkono unaanza kujiuliza.

— Wewe ukafanya nini?

— Nilishuka kukojoa.

Safari hii Ilukor ndiye hakucheka.

— Jumanne tuliambiwa tuwasukume watu mpaka kwenye kazi, alisema polepole. Wamekaa pembeni mwa barabara, makali ya majembe juu. Hakuna tusi. Mama mmoja akanishika mkono, akanipa pole ya msiba. Nikasema asante. Sasa nitampigaje mtu aliyenipa pole?

— Na Mfalme wa Waingereza alipokufa, bendera si ilishuka nusu mlingoti? Bama akadakia. Niliambiwa nivue kofia kwa mtu ambaye sijawahi kula naye. Nikavua! Wa kwao wanaombolezwa, wa kwetu ni uongo?

— Tatizo, alisema Kifungu, wa kwetu hayuko. Kutangaza kifo ambacho hakipo ni kosa. Miezi sita. Na wimbi lenu shambani linaliwa na magugu bure, palizi ndiyo hii.

— Langu limeshazama, alisema Bama. Na sing'oi jani mpaka nizike mtu.

Zubaida alikuwa akipangusa finjani ambayo ilikuwa kavu tangu zamani. Alikuwa na jibu, na lilimkaa kooni tangu Jumatatu. Yeye hakuitwa barabarani. Watu wa mjini, wenye kibali cha biashara, waliachwa na maduka yao. Kibali alikitoa chifu, na angekichukua kwa mkono ule ule. Tena kwao kumlilia maiti kwa sauti ilikuwa dhambi. Shemeji yake, anayesalisha watu msikitini, asingejua pa kuuweka uso. Na dele la kahawa lilikuwa linakuwa jepesi. Alilipima kwa mkono: labda kikombe kimoja, labda nusu.

— Bi Zubaida, niongeze, alisema Gia Tatu, kwa sauti ya mtu anayeomba zaidi ya kahawa.

Akamwongezea. Yakatoka matone machache na machicha.

— Basi, alisema Ilukor, akajifunga mkanda. Twende.

Hapo ndipo akafika Loy, mke wa Oguttu, na kikapu kichwani: kalo, yaani ugali wa wimbi, kwenye jani la mgomba, na samaki mkavu. Alikuwa ametembea tangu kiza. Akampa mumewe chakula, akamshikia, maana mikono ilikuwa imefungwa.

— Mimi nilisikia kilio nikapiga ngoma, Oguttu alimwambia kama anayejitetea. Kazi yangu ni kupiga.

— Najua, baba.

Kisha Loy akageukia benchi.

— Habari zenu, wazee. Nyinyi mnakaa hapa, mnasikia kila kitu. Nisaidieni niende nimwambie hakimu. Nani amekufa?

Bama, aliyekuwa na neno kwa kila vita, akatazama viganja vyake.

Zubaida akaona vile viganja, akajua yeye na mzee wanakumbuka kitu kimoja.

— Bama, alisema. Ulichimba wewe.

— Nilichimba, mzee akakubali kwa sauti ndogo. Nyapara alisema haraka.

— Kuchimba nini? Loy akauliza.

— Kaburi, alisema Zubaida, na sauti yake haikuwa ya kuuza kahawa. Mtoto wa Kevina. Kazi ya barabara ya mara ya pili, uchungu umemshika Kevina na jembe mkononi, nimeitwa nilete maji ya moto. Mtoto nimempokea mimi, pale kwenye changarawe. Alilia mara moja, Loy. Mara moja tu, kisha akapoa hapa mikononi mwangu. Kevina akataka kupaza kilio, nyapara akamkataza, kwamba watu wataacha kazi. Tukamfukia pembeni ya barabara, na majembe hayakusimama.

Akaweka dele chini. Akaifunga leso yake vizuri kiunoni, kama mtu anayejua barabara ya Tororo ilivyo.

— Mfungue huyo, afande. Jumatatu niliwaona kwa mbali wanakuja tena, waje wapite juu ya mtoto. Aliyelia ni mimi.